Nguvu ya Muumini ni Moyo Uliotulia, Si Wingi wa Shughuli

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeufanya usiku kuwa wa mapumziko na mchana kuwa wa kutafuta riziki. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, tukikutana njiani siku hizi, tukishatoleana salamu na kuulizana hali, neno linalofuata mara nyingi ni hili: "Nina shughuli nyingi, sina nafasi." Baba ana shughuli, mama ana shughuli, na hata mtoto wa darasa la tano naye ana shughuli, kwani akitoka skuli huenda tuisheni, na akitoka tuisheni huenda madrasa. Tumelizoea jambo hili kiasi cha kumwona mtu asiye na pilikapilika kuwa amepungukiwa na kitu. Tumefika mahali tunapima heshima ya mtu kwa simu anazopigiwa, vikao anavyoitwa na safari anazokwenda.

Lakini usiku unapoingia na milango ikishafungwa, ni wachache miongoni mwetu wanaojihisi kuwa na nguvu. Wengi tumechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mtoto akiuliza swali dogo tunamkemea. Mke akianza kueleza jambo, mume anaitikia "enhe" na macho yako kwenye simu. Sala ya Isha inasaliwa kwa haraka kama deni linalolipwa kwa mdai msumbufu. Basi hapa ndipo linapozaliwa swali letu la leo: ikiwa shughuli ndizo zinazompa mtu nguvu na hadhi, mbona sisi tunaozidisha shughuli tunazidi kudhoofika?

Jawabu tunalolitoa ni kwamba nguvu ya mja hutokana na kuelekea upande mmoja kwa moyo wake, ulimi wake na viungo vyake, na upande huo ni radhi za Mola wake. Vitatu hivyo vikiwafikiana, kazi ndogo humjenga mwenye kuifanya. Vikitengana, kazi hata ikiwa nyingi, na hata ikiwa njema, humla mwenyewe kidogo kidogo mpaka akaisha.

Hatuwasemi wanaohangaikia riziki

Kabla hatujaendelea, ni wajibu tuondoe dhana mbaya. Yupo mama anayeamka saa kumi za usiku kukanda unga wa maandazi ili watoto wake wapate ada ya skuli. Yupo kijana anayesukuma mkokoteni toka asubuhi mpaka magharibi, na mvuvi anayelala baharini. Hawa hatuwaambii kuwa wana pilikapilika nyingi, wala hatuna haki ya kuwapigia hotuba juu ya utulivu ilhali sisi tumeshiba. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari, kwamba hakuna chakula bora anachokila mtu kuliko kile kilichotokana na kazi ya mikono yake, na akatoa mfano wa Nabii Daud (a.s.), ambaye juu ya utume wake alikuwa akila kwa jasho lake.

Na Qur'ani Tukufu, katika Sura ya 62 inayoitwa kwa jina la siku hii ya Ijumaa, imetuamrisha tuache biashara unaponadiwa wito wa sala, kisha papo hapo katika aya ya 10 ikatuamrisha sala ikimalizika tutawanyike katika ardhi tukatafute fadhila za Mwenyezi Mungu, na katika kutafuta huko tumkumbuke kwa wingi. Tuzingatie mpangilio huo. Hatukuamrishwa kukaa msikitini kutwa nzima, wala hatukuruhusiwa kwenda sokoni tukamsahau Mola wetu huko. Miguu inatembea, mikono inafanya kazi, na moyo umebaki mahali pake. Katika Sura An-Nur, aya ya 37, wanasifiwa watu ambao biashara na mauziano hayawashughulishi wakaacha kumkumbuka Mwenyezi Mungu, kusimamisha sala na kutoa zaka. Wanaosifiwa humo ni wafanyabiashara. Hawakusifiwa kwa kuiacha biashara, wamesifiwa kwa kuwa biashara haikuwatawala.

Kwa hiyo maradhi tunayoyazungumzia leo yamo katika moyo, na tajiri anaweza kuyapata sawasawa na masikini. Ni ule mwendo wa kukimbia bila ya kujua tunamkimbilia nani. Tunahudhuria kikao kwa kuogopa kusemwa. Tunachangia harusi kupita uwezo wetu ili jina letu lisomwe. Tunajiunga na kila kikundi cha upatu na kila kundi la WhatsApp kwa kuwa wenzetu wamo, kisha tunashinda tukijibu ujumbe ambao hautunufaishi duniani wala Akhera. Hata mambo ya dini hayakusalimika. Mtu anaweza kuwa katika kamati ya msikiti, kamati ya maulidi na kamati ya madrasa, akawa anatajwa kwa kila kheri, na mwanawe wa kumzaa hajui hata kusoma Alhamdu vizuri kwa kuwa baba hakupata hata jioni moja ya kukaa naye.

Mwalimu aliyeshindwa kusema

Wapo watakaosema: "Sisi shughuli zetu ni za kheri, hizo hazina neno." Kwa ajili ya hao, na sote tumo humo, tunaleta kisa cha mtu ambaye shughuli zake zilikuwa ni kufundisha dini yenyewe. Huyo ni Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali (r.a.).

Imamu Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na mwaka 1058, katika mji wa Tus ulioko katika nchi ambayo leo ni Iran. Alisoma Nishapur kwa mwanachuoni mkubwa wa zama zile, Imamul Haramain Al-Juwayni. Mwaka 484 Hijria (1091), akiwa bado kijana wa miaka thalathini na kitu, Waziri Nizam al-Mulk wa dola ya Seljuki alimpa kazi iliyotamaniwa na wanazuoni wote: kuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Wanafunzi waliokaa mbele yake walifika 300. Alifundisha, aliandika vitabu, alijadiliana na wanafalsafa, na wakubwa wa dola walimtaka ushauri. Kama angekuwapo leo, tungesema ndiye mtu mwenye shughuli kuliko wote, na shughuli zote njema.

Katika kitabu alichoandika karibu na mwisho wa maisha yake, Al-Munqidh min al-Dhalal, Imamu mwenyewe ameeleza yaliyompata. Anasema kuwa alikaa akaitazama hali yake, akajiona amezongwa na mafungamano ya dunia kila upande. Akaitazama kazi yake bora kuliko zote, yaani kufundisha, akachunguza nia yake ndani yake. Akaona kwamba haikuwa imetakasika kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kilichokuwa kikimsukuma ni kutafuta jaha na kuenea kwa jina lake. Hapo akajiona kama mtu aliyesimama ukingoni mwa ardhi inayomomonyoka.

Kwa muda wa karibu miezi sita, kuanzia Rajab ya mwaka 488 Hijria (Julai 1095), alikuwa akitanguliza mguu mmoja na kuurudisha mwingine. Asubuhi akiazimia kuondoka Baghdad, jioni nafsi inamkumbusha cheo chake na kumwambia kwamba hali hii itapita. Mwishowe ulimi wake ukafungwa. Alikuwa akijilazimisha kusomesha hata siku moja ili kuzipoza nyoyo za wanafunzi, asiweze kutamka neno. Huzuni ikamwingia moyoni mpaka chakula na maji vikawa havipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema kwamba hili ni jambo lililoanzia moyoni kisha likaenea mwilini, na halina dawa mpaka moyo upumzike na dhiki iliyoukalia.

Wanahistoria wanataja pia misukosuko ya siasa ya miaka ile, kwani Waziri Nizam al-Mulk aliuawa mwaka 1092 na dola ikaingia katika vurugu. Inawezekana hayo nayo yalikuwa na athari. Lakini Imamu mwenyewe, ambaye ndiye aliyeonja uchungu wake, ameliweka tatizo ndani ya kifua chake. Mikono yake ilikuwa katika elimu na moyo wake ulikuwa katika sifa. Viwili hivyo vilivutana mpaka nguvu zikamwishia, na mtu aliyekuwa akiwashinda watu wote kwa hoja akawa hawezi kutamka somo.

Mwezi wa Dhul-Qaada mwaka ule ule aliondoka Baghdad. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosheleza watoto wake. Jambo hili tulishike sana, kwani hakuiacha familia ikiomba omba kwa jina la uchamungu. Alikwenda Sham, akakaa huko karibu miaka miwili, akawa anapanda mnara wa msikiti wa Damascus na kujifungia humo kutwa nzima katika ibada. Akaenda Baitul Muqaddas, kisha akahiji na kumzuru Mtume (s.a.w.). Na katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipokiandika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, chenye vitabu 40 ndani yake, ambacho masharifu wa Hadharamaut walikienzi mno, na masheikh wa mwambao wetu wakakipokea na kukisomesha.

Amerudi na hakurudi

Kisa hiki kingeishia hapo, wavivu wangepata hoja. Lakini hakikuishia hapo. Kwanza Imamu anasema kwamba maombi ya watoto wake yalimvuta arejee kwao. Kisha mwaka 499 Hijria (1106), baada ya miaka kumi na moja, aliitwa na watawala akafundishe katika Madrasa ya Nizamiyya ya Nishapur, naye akaitika. Baadaye alirudi Tus, akawa anasomesha wanafunzi karibu na nyumba yake mpaka alipofariki mwezi wa Jumadal Akhira mwaka 505, sawa na Desemba 1111.

Na maelezo yake juu ya kurudi huko ndiyo kiini cha makala yetu. Anatuambia kwamba watu walimwona amerudi katika kufundisha, lakini yeye anajua kwamba hakurudi. Zamani alikuwa akieneza elimu inayomletea mtu jaha, na akiita watu kwenye jaha hiyo kwa kauli na vitendo vyake. Sasa anaita watu kwenye elimu ambayo kwayo jaha huachwa. Kazi ni ile ile na vitabu ni vile vile. Kilichobadilika ni upande ambao moyo umeelekea, na ulimi uliokuwa umefungwa ukafunguka.

Ndugu msomaji, hapa tunajifunza kwamba si lazima tupunguze kazi ili tupate nguvu. Pengine zipo za kupunguza, na tutazitaja. Lakini mtu anaweza kuacha kazi zote akalala kitandani, na moyo wake ukaendelea kukimbia sokoni. Na mwingine anaweza kuwa na kazi kutwa kucha, na ndani yake ametulia kama maji ya kisimani. Ndiyo maana wanazuoni wetu wengi walipenda kuanza vitabu vyao kwa Hadithi ya nia iliyopokewa na Sayyidna Umar (r.a.), inayotufahamisha kwamba amali hutegemea nia na kwamba kila mtu atapata kile alichokikusudia.

Zawadi aliyopewa Bibi Fatma

Huenda mtu akasema: "Imamu Ghazali aliweza kupanda mnara akajifungia. Mimi nina watoto wanne, kodi ya nyumba na mama mgonjwa. Nitajifungia wapi?" Swali hili ni la haki, na jawabu lake limo katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bibi Fatma (r.a.), binti yake Mtume, mikono yake iliumia kwa kusaga nafaka kwenye jiwe. Akapata habari kuwa Mtume (s.a.w.) ameletewa mateka, akaenda kwake kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamwachia Bibi Aisha (r.a.) maneno. Usiku, yeye na mumewe Sayyidna Ali (r.a.) wakiwa wameshalala, Mtume akawajia, akakaa baina yao, akawafundisha jambo alilosema ni bora kwao kuliko mtumishi: wanapokwenda kulala, wamsabihi Mwenyezi Mungu mara 33, wamhimidi mara 33, na wamkabiri mara 34.

Tulizingatie jambo hili vizuri. Bibi Fatma hakuambiwa kwamba kazi zake ni kidogo, wala hakulaumiwa kwa kuchoka. Jiwe la kusagia lilibaki pale pale asubuhi yake. Alichopewa ni nguvu ya kulikabili, na nguvu hiyo ilitiwa mahali pa kuingilia usingizini, pale ambapo sisi leo tunaweka simu. Ibnul Qayyim ameitaja Hadithi hii alipokuwa akieleza kuwa dhikri humpa mja nguvu hata ya mwili. Na Sayyidna Ali alisimulia kwamba tangu siku ile hakuiacha dhikri hiyo. Alipoulizwa kama hakuiacha hata usiku wa vita vya Siffin, akajibu kuwa hata usiku ule. Mtu aliye katikati ya vita amepata nafasi. Sisi tuliolala kwenye magodoro yetu tunasema hatuna nafasi.

Haki ya kila mwenye haki

Upo upande mwingine wa jambo hili ambao tusipoutaja tutakuwa tumedhulumu. Kuna watu wakisikia habari za utulivu wa moyo huzifanya kisingizio. Mume anakaa barazani na tasbihi mkononi, na mkewe ndani anapika, anafua, anaosha vyombo, anawaogesha watoto, kisha asubuhi anakwenda kazini. Nyumba kama hiyo haina utulivu. Ina mtu mmoja anayestarehe na mwingine anayebeba mizigo ya wawili. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Aliyekuwa akibeba ujumbe wa walimwengu wote alipata wakati wa kazi za nyumbani. Nani kati yetu ana shughuli kubwa kuliko yake?

Vivyo hivyo katika kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.), ambao Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha kwa udugu. Salman alimtembelea nduguye akamkuta mkewe hajijali kwa mavazi. Alipomuuliza, bibi yule akajibu kwamba nduguye Abu Dardaa hana haja na dunia. Mume anafunga mchana na kusimama usiku. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake naye ale, na usiku akamzuia kuinuka mpaka ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku, ndipo wakasali pamoja. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na ahali zake wana haki juu yake, hivyo ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimsadikisha Salman.

Hapa ibada yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa shughuli inayomla mtu wa ndani ya nyumba. Ikiwa sala na saumu za sunna zilihitaji kupangiwa mahali pake ili mke asisahauliwe, basi vikao vyetu, mipira yetu na simu zetu vina hoja gani? Kuelekea kwa moyo upande mmoja hakuwi kamili mpaka wenye haki nasi wauone mwelekeo huo. Mtoto hawezi kuuona moyo wa baba yake. Anachokiona ni kama baba alimtazama alipokuwa akisema.

Hesabu ya mfanyabiashara

Sasa tufanye nini? Imamu Ghazali hakutuacha bila ya njia. Katika kitabu cha 38 cha Ihya, kinachozungumzia kuichunga nafsi na kuihesabu, ameleta mfano ambao sisi watu wa mwambao, tuliolelewa katika biashara, tunaufahamu haraka. Amesema kuwa akili ni kama mfanyabiashara, na nafsi ni kama mshirika aliyekabidhiwa mtaji. Mtaji wenyewe ni umri. Mfanyabiashara mwenye busara hamkabidhi mwenziwe fedha akanyamaza. Kwanza huwekeana masharti, kisha humwangalia wakati wa kazi, kisha jioni hukaa naye kufanya hesabu. Akiona faida humshukuru Mwenyezi Mungu, na akiona hasara humdai mshirika wake ailipe.

Tunaweza kuyatia mafunzo haya katika nyumba zetu bila ya gharama yoyote.

Kwanza, asubuhi baada ya Sala ya Alfajiri, kabla simu haijashikwa, tukae japo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, tuiulize nafsi: leo unakwenda kufanya nini, na kwa ajili ya nani? Anayekwenda dukani anuie kuwalisha watoto wake halali na kutomdhulumu mnunuzi. Anayebaki nyumbani anuie kuwa kazi yake ni amana na ni ibada. Aliye mwanafunzi anuie elimu yenye manufaa. Kazi iliyokuwa itafanyika vyovyote vile hupata roho kwa nia hiyo ya muda mfupi.

Pili, mchana tuzifanye sala tano kuwa vituo vya kuuangalia moyo. Tukiona katika sala moyo uko dukani, tujue kwamba dukani nako hatupo sawasawa. Badala ya kukata tamaa, tuurudishe taratibu, kama mchunga arudishaye mbuzi aliyetoka kundini.

Tatu, usiku kabla ya kulala tufanye hesabu. Leo nimekwenda wapi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na nimekwenda wapi kwa kuogopa midomo ya watu? Nani mwenye haki ambaye leo hakupata haki yake? Hesabu hiyo tuifunge kwa istighfari na kwa ile zawadi ya Bibi Fatma.

Hesabu hii ikiendelea kwa majuma machache, itatuonyesha wenyewe shughuli zipi ni za kupunguza. Hatutahitaji mtu wa nje kutuambia. Tutaona kuwa kikundi fulani tumo kwa ajili ya fahari tu, kwamba mchango fulani ulitoka kwenye fedha za ada za watoto, na kwamba mazungumzo fulani kila siku yanaishia katika kusengenya. Hayo tuyaache kwa upole na bila ya makelele. Wahenga wametuambia kwamba mshika mbili moja humponyoka, na sisi tumeshika kumi.

Na tusijitwishe mengi kwa pupa. Imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba amali zinazopendeza mno mbele ya Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Familia inayokaa pamoja baina ya Magharibi na Isha mara tatu kwa wiki, simu zikiwa zimewekwa kando, wakasoma kurasa mbili za Qur'ani na kuulizana habari za siku, na wakaendelea hivyo mwaka mzima, imepata zaidi kuliko inayopanga mambo makubwa mwezi wa Ramadhani ikayaacha Shawwal.

Ndugu zetu katika imani, watoto wetu hawatakumbuka idadi ya vikao tulivyohudhuria. Watakumbuka kama tulikuwapo tulipokuwa nao. Na Siku ambayo mali na watoto havitafaa kitu, isipokuwa kwa mwenye kumjia Mwenyezi Mungu na moyo uliosalimika, kama tunavyofundishwa katika Sura Ash-Shu'araa, hatutaulizwa tulikuwa na shughuli ngapi. Tutaulizwa umri tuliumaliza katika nini. Basi leo, tukitoka katika Sala ya Ijumaa na kutawanyika katika ardhi kama tulivyoamrishwa, kila mmoja wetu achunguze ni nini kinachokwenda naye: miguu peke yake, au miguu na moyo pamoja.

Ewe Mola wetu, zitengeneze nyoyo zetu, zikusanye nia zetu katika radhi zako, tubarikie katika nyakati zetu, riziki zetu na watoto wetu, na usitujaalie kuwa miongoni mwa walioghafilika. Wape nguvu wanaohangaikia riziki ya halali, na wape faraja waliochoka. Amin.

Wabillahi Tawfiq.